Maswali ya Wasomaji: Kusomea Makuzi ya Binadamu na Familia

Barua tatu zilizotufikia kutoka Mwanza zinagusa jambo moja, kwa hiyo nimeona ni vema nizijibu pamoja. Ya kwanza ndiyo yenye mambo mengi, nami nitakaa nayo zaidi.

SWALI: Shikamoo, Mama Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Kirumba, na nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Mwalimu wangu alinisaidia kuomba nafasi katika vyuo vya Marekani, na chuo kimoja kidogo, kati ya vile vinavyotoa elimu pana kwa shahada ya kwanza tu, kimenijibu kwamba kimenipokea na kitagharimia sehemu kubwa ya masomo yangu. Ninachotaka kusomea ni makuzi ya binadamu na masomo ya familia. Nyumbani wananiuliza hiyo ni shahada ya nini, nami nikijaribu kueleza maneno yananiishia. Mama anasema ni maarifa ya nyumbani yaliyopewa jina jipya. Mjomba anasema nikirudi nitakaa bila kazi, kwa sababu hajawahi kuona tangazo la ajira linalotaja shahada hiyo. Naomba unieleze kinachosomwa hasa ni nini, kwa nini kisomwe katika chuo cha aina hiyo, na kama mjomba ana hoja.
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Nianze na mama yako, kwa sababu hajakosea. Somo hili kwa kiasi kikubwa limetokana na maarifa ya nyumbani. Chama cha Marekani cha wataalamu wa fani hiyo kiliundwa mwaka 1909, na rais wake wa kwanza alikuwa Ellen Swallow Richards, mkemia aliyeamini kwamba maji ya kunywa, chakula, hewa ya ndani ya nyumba na matumizi ya fedha za familia ni mambo yanayostahili kupimwa kisayansi kama yanavyopimwa mambo ya kiwandani. Miaka ilivyokwenda, sehemu iliyohusu mtoto na familia ilikua, ikachota kutoka saikolojia, sosholojia, anthropolojia na biolojia, na vyuo vikaanza kubadili majina ya vitivo vyake. Chuo Kikuu cha Cornell, kwa mfano, kilifanya hivyo mwaka 1969. Kwa hiyo mwambie mama kwamba shina analijua vizuri, ila mti umetoa matawi ambayo hayakuwapo alipokuwa shuleni.

Kinachosomwa ni binadamu tangu akiwa tumboni hadi uzeeni, na watu anaoishi nao katika kila hatua. Utasoma jinsi ubongo na mwili vinavyokua, jinsi mtoto anavyopata lugha, jinsi kijana anavyotafuta kujijua, ndoa inavyojengwa na inavyovunjika, umaskini unavyoingia katika malezi, na mzee anavyobadilika mwili, kumbukumbu na nafasi yake katika ukoo. Utakutana na wanasaikolojia Jean Piaget na Lev Vygotsky, ambao wote wawili walizaliwa mwaka 1896 na wakatofautiana juu ya namna mtoto anavyojifunza kufikiri, na Erik Erikson, aliyeyagawa maisha yote katika hatua nane badala ya kuishia utotoni. Wengi hudhani somo hili ni la watoto wachanga peke yao. Mimi naona sehemu ya uzee ndiyo tunayoihitaji zaidi huku kwetu, kwani Kanda ya Ziwa imezika vikongwe wengi waliouawa kwa kushukiwa uchawi eti kwa sababu macho yao ni mekundu, macho ambayo aliyekaa jikoni miaka yote hiyo katika moshi wa kuni na samadi hawezi kuyakwepa. Mtu anayejua uzee ni nini, na anayeweza kulieleza jambo hilo katika mkutano wa kijiji akasikilizwa, anaokoa maisha.

Kuna fikra moja ambayo nakuomba uielewe hata kabla hujapanda ndege, nayo ni ya Urie Bronfenbrenner, mwalimu wa Cornell aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa mpango wa Marekani wa kuwasaidia watoto wadogo wa familia maskini ulioanza mwaka 1965. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 alieleza kwamba mtoto hukua ndani ya mazingira yaliyozungukana: nyumba na darasa anavyoviona kila siku, uhusiano kati ya nyumba hiyo na darasa hilo, mahali ambapo yeye hafiki lakini panayagusa maisha yake, kama vile kazini kwa mzazi, na nje ya hayo yote mila, sheria na uchumi wa nchi.

Wewe uliyekulia karibu na mwalo wa Kirumba huhitaji mfano wa ng'ambo kulielewa hili. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokomaa wavuvi hupumzika, wengine wakirejea nyumbani kutoka makambi ya visiwani. Kwa hiyo zipo familia ambazo baba huonekana na kutoweka kwa kufuata mwezi, fedha huingia na kukatika kwa kufuata mwezi, na mama anayenunua na kuanika dagaa hutoka alfajiri akimwachia dada wa miaka kumi amlee mdogo wake. Mwalimu anayeona tu kwamba binti huyo huchelewa shuleni na kusinzia darasani wiki fulani, kisha wiki nyingine yu mchangamfu, atamwita mvivu. Aliyefundishwa kumtazama mtoto pamoja na mazingira yake yote atauliza giza limeanza lini.

Sasa nikueleze jambo ambalo wazazi wako pengine hawajalisikia, kwamba baadhi ya misingi ya somo hili ilichimbwa ng'ambo tu ya ziwa letu. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda, na kwa miezi kadhaa akawa anazitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, akiketi sebuleni na akina mama pamoja na mkalimani wake. Aliandika alichokiona kwa macho: mtoto anayelia mama anapotoka na kunyamaza kwa mama tu hata kama wapo wengine wa kumbeba; mtoto anayetambaa kwenda kuchezea kitu, akarudi kumgusa mama gotini, kisha akaenda tena mbali zaidi kidogo. Kutokana na utazamaji huo alianza kueleza kwamba mtoto humtumia mlezi wake kama kituo salama cha kutokea na kurejea, na kwamba mama anayezitambua upesi dalili za mtoto wake humjengea utulivu. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na kazi aliyoiendeleza Baltimore, Marekani, juu ya msingi huo husomwa leo karibu kila mahali saikolojia ya mtoto inapofundishwa.

Miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi katika kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya, miongoni mwa Wakipsigis. Wakati huo ilikuwa ikisemwa kwamba watoto wa Kiafrika huzaliwa na wepesi fulani wa viungo. Super aliona kwamba watoto wa pale kweli waliwahi kuketi na kutembea kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwatangulia katika mambo ambayo akina mama hawakuwa wakiwafundisha. Akina mama walikuwa wakichimba kishimo kifupi ardhini, wakimketisha mtoto ndani yake na kumzungushia nguo ili mgongo usimame, tena walifanya hivyo kwa makusudi, siku baada ya siku. Wepesi ulikuwa umefundishwa. Ukiulizwa nyumbani kama shahada hii ina maana yoyote kwetu, simulia kishimo hicho, kwa maana utafiti huo ulimwondolea mama wa Kiafrika dhana kwamba yeye hutazama tu maumbile yakifanya kazi, ukamwonyesha kuwa mwalimu.

Kuhusu aina ya chuo, vyuo hivi vidogo vya Marekani humtaka mwanafunzi akae miaka minne, aishi chuoni, na asome mambo mengi, yaani fasihi, hisabati, sayansi, historia na lugha, kabla ya kutaja somo lake kuu, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Somo kuu huchukua takribani theluthi moja ya masomo yote. Madarasa huwa na watu wachache, na mwalimu hulijua jina lako na makosa ya uandishi wako. Vingi kati ya vyuo hivi havina idara ya makuzi ya binadamu, kwa kuwa idara hizo zimejengeka zaidi katika vyuo vikuu vikubwa vya majimbo. Lakini vipo vilivyo nayo, kama Connecticut College, ambacho kina shule ya watoto wadogo ndani ya chuo ambamo wanafunzi huenda kutazama na kufanya kazi. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokutaka ukiulize chuo chako: je, mna watoto wa kuwatazama, wazee wa kuwatembelea, familia za kuzifuatilia, au tutasoma vitabuni tu? Chuo kisicho na mahali pa kutazamia watu hakifai kwa somo hili, hata kiwe na jina kubwa namna gani.

Uliza pia kuhusu takwimu na mbinu za utafiti. Wewe ni mtu wa HGL na huenda ukazikimbia hesabu. Usizikimbie. Anayeweza kubuni dodoso, kumhoji mama bila kumtia jibu mdomoni, kuomba ridhaa ipasavyo na kuchambua alichokusanya, ana kitu mkononi popote atakapokwenda.

Nije kwa mjomba. Ana hoja, na naomba umsikilize. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaja shahada zinazokubaliwa kwa kila nafasi, na aliyesomea ustawi wa jamii, sosholojia au maendeleo ya jamii huziona shahada hizo zikitajwa wazi, ilhali ya kwako itahitaji maelezo. Hata huko Marekani shahada ya kwanza ya fani hii haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia wa tiba wala mshauri nasaha mwenye leseni. Kazi hizo zinadai shahada ya pili au zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambao ndio wanaotambua tuzo za nje, kama chuo hicho na shahada hiyo vitatambuliwa, na majibu yao uyahifadhi. Ukiwa chuoni, chukua masomo ya sosholojia au saikolojia ya kutosha kukuwezesha kuiongeza kama fani ya pili. Na likizo moja angalau urudi ufanye mafunzo kwa vitendo hapa nyumbani, katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au katika mradi wa utafiti, kwani Mwanza ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo kikuu cha afya pale Bugando, na watafiti huwahitaji watu wanaojua kuzungumza na familia.

Pale ambapo simwafiki mjomba ni katika kudhani kwamba kazi yenyewe haipo. Mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane na inayounganisha afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio na ulinzi wa mtoto. Mambo hayo matano yako katika wizara tofauti na ofisi tofauti, na mtu aliyefundishwa kuyaona kwa pamoja ndani ya nyumba moja anahitajika kweli.

Lililobaki ni fedha. Umeandika kwamba watagharimia "sehemu kubwa." Vyuo vingi binafsi vya aina hii hutangaza gharama inayozidi dola 70,000 kwa mwaka, ada pamoja na malazi na chakula, hivyo hata wakikulipia asilimia 85, kinachobaki kinazidi dola 10,000 kila mwaka kwa miaka minne. Omba barua inayosema wazi ni kiasi gani, ni msaada au mkopo, utadumu miaka yote minne au la, utapanda ada ikipanda au la, na kama unahusu bima ya afya na nauli. Kanuni za viza ya mwanafunzi kwa kawaida huruhusu kazi ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ujira huo hauwezi kuziba pengo la namna hiyo. Masharti ya viza kwa raia wa nchi mbalimbali nayo yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo uliza Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kabla familia haijatoa hata shilingi, wala msiuze ng'ombe wala kiwanja kwa kutegemea ahadi ya mdomo. Ikiwa barua itaonyesha pengo ambalo hamna uhakika wa kuliziba, ushauri wangu ni kwamba usiende mwaka huu. Omba Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako masomo ya familia na mlaji yamefundishwa kwa ngazi ya shahada, au soma sosholojia hapo hapo Mwanza, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kisha ulitafute somo hili kwa shahada ya pili, ambako ufadhili hupatikana kwa njia nyingine.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mzee wa Sengerema. Mjukuu wangu naye ameanza kuzungumzia masomo haya ya familia. Bibi yake alilea watoto tisa bila cheti chochote. Hofu yangu ni kwamba wageni watamfundisha kuzidharau mila zetu, arudi akituambia kwamba tulikosea kuwalea wazazi wake. Je, hofu yangu ni bure?
Mzee wa Sengerema

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hofu yako si bure, na wasomi wenyewe wameikiri. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tafiti za saikolojia imefanywa kwa watu wa nchi chache tajiri za Magharibi, kisha matokeo yakasemwa kuwa ya binadamu wote. Mwanazuoni wa Kameruni, Bame Nsamenang, alikuwa ameandika tangu mwaka 1992 kwamba makuzi ya mtoto wa Kiafrika lazima yaelezwe kwa kuanzia katika jamii yake. Na wale watafiti wa Kokwet niliowataja hapo juu waligundua jambo ambalo bibi angewaambia bila shida: walipomwita mtoto asimulie hadithi mbele ya mtu mzima ili wampime akili, alinyamaza, kwa sababu alilelewa kusikiliza na kutii mbele ya wakubwa, na mtoto huyo huyo alikuwa akiaminiwa kutumwa na kutunza wadogo zake. Kipimo ndicho kilichokuwa na kasoro.

Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kurekebishwa na mtu ambaye hajawahi kulelewa katika nyumba yenye bibi, shangazi, binamu na jirani mwenye haki ya kukukanya. Mjukuu wako akiingia darasani na malezi hayo, anao ujuzi ambao mwalimu wake huenda hana. Lakini, kwa heshima zote, mzee wangu, bibi alizijua nyumba chache kwa undani, naye hakukutana na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi saba akaishi, wala na mtoto mwenye usonji, wala na kijana anayekesha na simu. Pia yapo mambo ambayo sisi wenyewe tunapaswa kukubali kuulizwa. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilishikilia uamuzi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Mjukuu akilizungumzia jambo hilo akiwa nyumbani, hakudharau.

Kabla hajaondoka, mketishe na bibi yake, amhoji na kuandika namna kila mmoja wa wale tisa alivyolelewa: aliachishwa ziwa lini, alibebwa na nani, alianza kutumwa akiwa na umri gani, nani alikuwa na ruhusa ya kumchapa. Daftari hilo litamfaa kuliko vitabu vingi atakavyovikuta huko.

SWALI: Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, Igoma. Nina cheti cha kidato cha nne, sina uwezo wa kwenda mbali, lakini natamani sana kusomea malezi. Nianzie wapi?
Mama wa watoto 30, Igoma

JIBU: Mpendwa mama, wewe tayari unaifanya kazi ambayo wenzako wanaiomba. Vituo kama chenu vinasimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa hiyo nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, umuulize ni mafunzo gani yanayotambuliwa kwa walezi wa vituo na ni vyuo gani vinavyoyatoa kwa sasa. Kisha hakikisha katika orodha ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwamba chuo utakachoambiwa kimesajiliwa, kwa sababu wapo wanaotoza ada kwa vyeti visivyotambuliwa popote. Ukitaka kuendelea hadi ngazi za juu bila kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo Mwanza. Waulize njia ya kujiunga kwa mtu mwenye matokeo kama yako.

Wakati unasubiri, anza kuandika. Chagua watoto watatu, na kila Ijumaa uandike mistari michache juu ya kila mmoja: neno jipya alilosema, aliyecheza naye, alivyokula, alivyoagana na mama yake asubuhi. Usiandike unavyodhani, andika ulichokiona. Majina yao yasiwemo, na wazazi wao uwaombe ruhusa kwanza. Ukifika muhula wa kwanza, utakapotakiwa kufanya zoezi la kutazama watoto, wewe utakuwa umeshalizoea.